Damu Inasomwa Kukiwa na Jua

Kasongo nzima ilimwita Laboranti. Sidhani watu kumi walijua jina lake jingine, na mmoja wa hao kumi alikuwa mke wake. Namwandika hapa kwa jina hilo hilo, maana ndilo alilolipenda, na kwa sababu nina jambo moja naye ambalo halinipi raha. Mdogo wangu yuko hai, anachimba dhahabu huko Salamabila, anacheka kwa sauti kubwa kama zamani, na uzima wake ulitoka mwilini mwa mzee huyu. Nililijua jambo hilo lilipokuwa likitendeka. Nilinyamaza.

Alifanya kazi katika chumba cha nyuma cha kituo cha afya, chenye dirisha moja linaloelekea mashariki. Hadubini yake haikuwa na taa. Chini yake palikuwa na kioo kidogo cha mviringo, cha kukamata mwanga wa jua na kuupeleka juu kupitia tone la damu. Kwa hiyo alisoma damu za watu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tano, jua likiwa dirishani, basi. Ukichelewa, hata ukija umebebwa, alikuchoma kidole, akapaka damu kwenye kipande cha kioo, akakiweka sandukuni, kisha akakuambia maneno ambayo wanafunzi wangu waliyafanya mchezo wa wakati wa mapumziko: "Leo jua limekwisha. Murudi kesho."

Siku za mawingu alikaa nje kwenye benchi, kofia yake ya msikitini magotini, akiitazama mbingu kwa uso wa mtu aliyeahidiwa kitu. Mwenye duka mmoja wa vitambaa alimjia saa saba mchana, akawasha tochi ya simu yake.

"Laboranti, mwangaza si ni huu?"

"Huu ni wa kutafutia mbuzi," akamjibu. "Damu inataka jua. Rudi kesho."

Tajiri alirudi kesho yake, tena mapema. Baadaye kituo kilipopewa taa na kibao cha kuvuta umeme wa jua, Laboranti aliibeba ile taa kwa mikono yake mwenyewe akaipeleka chumba cha kuzalia. Kule, alisema, watoto wanafika saa yoyote. Huku damu inaweza kungojea.

Pembeni mwa hadubini aliweka makopo matano ya maziwa, matupu, yamepangwa mstari, na bakuli lenye maharagwe mia moja. Chembe nyeupe za damu, alinieleza, ni za aina aina. Kila alipoona moja, mkono wake wa kushoto ulichukua haragwe, jicho halibanduki kwenye hadubini, ukalitupa katika kopo la aina ile. Maharagwe yakiisha, alisoma makopo. Manne ya kwanza yalikuwa ya chembe zilizokomaa. La tano lilikuwa la chembe changa, zile zisizotakiwa kutoka ndani ya mifupa kabla ya wakati wake. Kwa mtu mzima mwenye afya kopo hilo hukaa tupu. Lilikuwa na kutu chini, na haragwe likiangukia humo lilitoa mlio wake peke yake, mzito, hata waliokaa kwenye benchi nje waliutambua.

Maharagwe yale yalikuwa yale yale miaka yote, yameng'aa kwa kushikwa. Mwaka mmoja chakula kilipokuwa adimu mke wake alitishia kuyapika. "Ukiyapika," akamwambia, "utakuwa umepika wagonjwa yangu yote." Yule mama alinisimulia mwenyewe huku akicheka, lakini alisema pia kwamba tangu siku ile mume wake alianza kuondoka kazini na bakuli lake kwapani, lisilale mbali na macho yake.

Hasira yake yote aliiweka mahali pamoja: kugawa dawa. Kwetu kugawa ni malezi. Mtoto anapewa muhindi, anauvunja katikati kabla hajaambiwa. Dawa ikiingia nyumbani inakwenda njia hiyo hiyo. Mama anapewa vidonge vya malaria kwa mtoto mmoja, anafika nyumbani anakuta mwingine naye ana homa, anagawa. Laboranti alikuwa akiwagundua kwa kuwa wadudu walewale walirudi mbele ya jicho lake baada ya wiki.

Nilikuwepo siku alipomtokea mama mmoja kutoka Wamaza, aliyefika kwa pikipiki na watoto wawili wamebanwa kati yake na dereva. Laboranti alitoka na kioo mkononi, akasema mbele ya benchi lote:

"Mama, dawa ya mutoto mumoja ukigawia watoto wawili, hakuna mwenye amekunywa dawa. Umefundisha ugonjwa tu."

Yule mama alilia. Nilikasirika, nami nikikasirika sijui kukaa kimya, au siku zile nilifikiri sijui.

"Papa, ule ni mama," nikamwambia, kama tunavyowaita wazee wote. "Ulitaka afanye je? Amuangalie ule mwingine na macho?"

"Nalitaka akuye aniambie. Ningetafuta."

Alirudi ndani na mlango ukagonga. Lakini kabla ya adhuhuri dereva wa pikipiki aliitwa dirishani, akapewa karatasi iliyokunjwa ya kumfikishia yule mama, na ndani mlikuwa na dozi nzima ya mtoto wa pili. Ilitoka wapi, sijui. Mtu alikuwa wa namna hiyo: ulimi ulimtangulia, mkono ukaja nyuma kutengeneza.

Sasa nifike kwenye uso wake, maana mji uliusema sana. Kulikuwa na miaka sita hivi ambayo Laboranti aligeuka mweupe. Alikuwa mtu mweusi kabisa, tukamwona anafifia, kwanza mashavu, kisha mikono. Asubuhi kope zake zilikuwa zimevimba. Kasongo haikuhitaji maelezo. Wanaume walisema anajipaka mafuta ya kujichubua, uzee umemtia wazimu. Wanawake walisema anatafuta mke wa pili. Wengine walizitazama zile kope wakasema anakunywa kwa siri, na Mwislamu aambiwe hivyo si jambo dogo. Kinyozi wa pale sokoni alimuuliza waziwazi anatumia mafuta gani.

"Uzuri unaomba matunzo," akajibu, akakaa anyolewe.

Mimi nami nilicheka. Niliwahi kuigiza kope zake mbele ya walimu wenzangu, nikasifiwa.

Kisha mdogo wangu akarudi kutoka Salamabila. Alikuwa ameondoka na shingo nene, akarudi na suruali iliyofungwa kwa kamba. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, tumbo lilikuwa gumu. Alikula matonge mawili, la tatu akalisukuma, akasema ameshiba. Kule machimboni wenzake walikuwa wameshampiga chale juu ya bandama, mistari mitatu yenye dawa ya mti ndani, maana kwetu bandama ikivimba ni malaria ya zamani na chale ndiyo njia yake. Mama mkubwa wetu alipoiona akasema chale hizo ni fupi, akaongeza nyingine. Mwalimu mzima mimi nilimshikia sahani. Tukampa dawa ya malaria, tukampa tena. Alizidi kukonda.

Tulipompeleka kwa Laboranti, nilikaa benchini nikasikiliza. Haragwe moja kopo la kwanza. Jingine la kwanza. Kisha ule mlio mzito wa kutu. Tena. Tena. Kazi yangu ni kufundisha hesabu, darasa la sita, na kuhesabu ninahesabu bila kutaka. Nilifika ishirini katika kopo la tano nikaacha. Niliziba masikio kwa kujifanya ninajifunga kitambaa kichwani.

Hakutoka kusema benchini. Alituita ndani, akafunga mlango, akafungua vifungo vya shati. Juu ya mbavu zake za kushoto palikuwa na chale, zilizopona zamani, mahali palepale.

"Hii nalikatwa miye pia," akasema. "Nalifikiri ni malaria. Miye mwenye kusoma damu ya watu."

Alikuwa na ugonjwa huo huo wa mdogo wangu, kansa ya damu, ile inayokwenda polepole miaka kadhaa kabla ya kukimbia. Aliugundua mwenyewe, siku aliyojaribu rangi mpya kwenye damu yake akadhani amechanganya vioo na vya mgonjwa mwingine. Alikwenda Bukavu, daktari mmoja akamwandikisha katika mpango wa dawa za bure, na tangu hapo kila mwezi aliletewa boksi. Alitoa kidonge akakiweka mezani: cha rangi ya kutu, kikubwa kama mbegu ya boga.

"Ndiyo ile mafuta yangu ya kujipaka," akasema. Dawa ile ilimfifisha ngozi na kumvimbisha kope. Miaka sita aliacha mji useme mlevi, useme mzee wa kujichubua, kuliko useme maiti inayotembea. Nilikumbuka jinsi nilivyoigiza macho yake, nikatamani sakafu inifunike.

Kumweleza mdogo wangu alitumia kamba. Wachimbaji wa Salamabila wanashuka katika shimo refu, na aliye chini hasikiki, kwa hiyo anaitikisa kamba: mara moja ngoja, mara mbili vuta. Wa juu akisikia mbili anavuta mfuko wa mchanga.

"Ndani ya chembe ya damu ni vile vile," akasema Laboranti. "Kuko protini zenye kazi yao ni kupeleka habari. Moja inashika ingine, ingine inashika ingine, mpaka habari inafika: zaa, ama ngoja. Sasa kwako moja imeharibika. Iko natikisa kamba yenyewe, mutu hayuko chini. Vuta, vuta, vuta. Wa juu hawajue. Wanavuta tu."

"Na kinini inafanya nini?" mdogo wangu akauliza, akikionyesha kile kidonge.

"Ile protini ikitaka kutikisa kamba, inakula kwanza nguvu. Iko na kamufuko kake ka kulia. Kinini inaingia mule, inakaa. Inaziba. Haiui mutu, haiui damu yote kama dawa za zamani. Inaziba kamufuko kamoja tu. Lakini ikae kila siku, na ikae yote. Ukitia kidogo, siku moja kale kamufuko kanabadilisha umbo, kinini inakosa pa kukaa."

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba hapo ugonjwa unakuwa umefundishwa. Nililisikia neno hilo na nililikumbuka lilikotoka.

Sasa ilibidi damu ya mdogo wangu ipelekwe Bukavu, ithibitishwe kwa vipimo ambavyo Kasongo haina, jina lake likubaliwe, ndipo boksi lake lije. Chupa ya kwanza ilingojea ndege ndogo siku nyingi mno, ikaharibika. Ya pili ilifika, tukakaa kungoja jibu. Mdogo wangu alilala nyumbani kwangu, upande mmoja, bandama ikimzuia kujigeuza. Mama mkubwa alianza kuongea naye kwa sauti ya upole ambayo hatuitumii kwa watu tunaotegemea kuwaona mwaka ujao.

Ijumaa moja baada ya sala Laboranti alipita kwangu. Alinipa karatasi ya daftari iliyokunjwa, ndani mna nusu saba za kidonge, zimekatwa kwa wembe, safi.

"Kuko akiba," akasema. "Na mutu wa kuanza anaanza na nusu. Ameze na chakula, na kikombe mukubwa ya maji. Usimame pale, umuone."

Alipita kila Ijumaa. Hata mwezi wa Ramadhani alipita, akanieleza kwamba yeye anameza chake wakati wa futari, na kwamba mdogo wangu asicheze na saa. Na mimi mwalimu wa hesabu, ninayewachapa maneno watoto wasiojua kugawanya, nilijua boksi lina vidonge thelathini na mwezi una siku zake thelathini. Hesabu hiyo sikuifanya. Niliikunja ile karatasi kila wiki nikaitia katika mfuko wa gauni.

Mdogo wangu alianza kula. Matonge matatu, matano. Bandama ililainika. Mwezi wa nne alitembea mpaka sokoni na kurudi, na nilipomtazama pale mlangoni nikaona mashavu yake yameanza kufifia. Wiki ile ile nilimkuta Laboranti kwa wauza samaki, akibishana bei. Alikuwa mweusi. Rangi yake ilikuwa imerudi usoni, nzuri, kama ya zamani, na watu walimpongeza. Kinyozi alitangaza kwamba Laboranti ameacha mafuta. Mke wake alifurahi, akamshonea kanzu.

Rangi ilikuwa imehama kutoka uso mmoja kwenda uso mwingine, na mimi peke yangu katika mji nilijua maana yake. Nilisimama na samaki wangu mkononi. Niliona aibu, na chini ya aibu, kwa nini niseme uongo, niliona furaha. Mdogo wangu alikuwa anapona. Kama ningesema, "Papa, nimeona uso wako," angelazimika kunijibu, na akinijibu tungelazimika kuacha. Nilimsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani, nikaenda zangu.

Yule aliyemliza mama wa Wamaza mbele ya watu ndiye huyu. Nimejaribu kuwaunganisha wawili hawa wakawa mtu mmoja nimeshindwa. Mara moja tu nilimkaribia. Nilimuuliza kwa nini alimkasirikia yule mama vile. Alisugua kioo cha hadubini kwa upindo wa shati muda mrefu.

"Sababu najua namna inavutia," akasema.

Mwezi wa nane boksi la mdogo wangu lilifika, jina lake limeandikwa juu. Siku ile niliimba. Laboranti alirudia kidonge kizima, uso wake ukafifia tena, kinyozi akaanza upya, nami nikajiambia mambo yamerudi mahali pake. Lakini uso ulikuwa unaeleza habari za ngozi tu. Mdogo wangu alirudi Salamabila, boksi lake akitumiwa kila mwezi kwa madereva wa pikipiki.

Laboranti alikuwa mlaji maarufu. Bugali, sombe ya majani ya muhogo kwa mafuta ya mawese, samaki wa Lualaba na kichwa chake: katika karamu watu walikaa mbali naye ili wapate kitu. Idi iliyopita mke wake alinialika. Niliona anachukua tonge la kwanza, la pili, la tatu, kisha anaisukuma sahani polepole kwa kidole. Shibe ile niliijua. Bandama ikivimba inalibana tumbo, mtu anashiba kabla hajala. Aliniona ninamtazama.

"Meno," akasema. Meno yake yalikuwa yote kinywani.

Nilimfuata kesho yake kazini nikamuuliza kama amemwandikia daktari wa Bukavu. Maana yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia kwamba kuna dawa nyingine, iliyotengenezwa kukaa katika kale kamufuko hata kakibadilika umbo. Alifungua mtoto wa meza akanionyesha fomu. Palikuwa na swali: je, mgonjwa alimeza dozi yote kila siku? Nafasi ya jibu ilikuwa tupu.

"Nikiandika ndiyo, ni uongo. Miye na midomo nasema uongo, unajua. Na karatasi sijaanza. Nikiandika hapana, watauliza nusu ilikwenda wapi. Watafuta majina mbili kwenye orodha ya dawa."

Jina la pili lilikuwa la mdogo wangu. Nilirudisha fomu mezani nikasema watoto wananingoja darasani. Ilikuwa Jumamosi.

Mwezi uliopita mdogo wangu alikuja kututembelea, siku mbili juu ya pikipiki. Aliingia na tope mpaka magotini na mkebe wa maziwa ya unga chini ya koti. Nilimwona mweusi, nikafikiri ni jua na safari. Alisema kesho yake asubuhi anataka kumwona Papa kabla ya kitu kingine.

Tulifika saa mbili. Laboranti alikuwa amekonda, koti lake jeupe limemzidi mabega, na alipoinuka kutupokea alishika ubavu wa kushoto akijifanya ananyoosha shati. Mkono wa mdogo wangu ulikuwa bado mkononi mwake, salamu hazijaisha, alipouliza:

"Nani amekurudishia rangi?"

Mdogo wangu akacheka. Alifunua mkebe akauweka mezani kati ya makopo. Ulikuwa umejaa nusu za vidonge, za rangi ya kutu, zimekatwa kwa wembe, safi kabisa.

"Ni zako, Papa. Yaya aliniambia hauko nakula tena. Nalifikiri: ameze yake na nusu yangu, atapata nguvu. Naliweka miezi mbili."

Yaya ni mimi, dada yake mkubwa. Ni kweli nilimwambia, kwa simu, nikilalamika tu.

Laboranti alichovya vidole mkebeni akaziacha zianguke tena. Nilingojea ulimi wake. Nilingojea maneno ya benchi, ya mama wa Wamaza. Alisema taratibu:

"Kila nusu iko hapa ni siku moja hukunywa dawa. Unajua?"

"Nilikunywa nusu."

"Hukunywa dawa. Sababu ya nini ulikata?"

"Wewe ulikata, Papa," mdogo wangu akasema, kwa heshima, bila ubaya wowote, kama mtoto anayeulizwa somo alilofundishwa. "Naliona namna ulikata."

Laboranti alikaa. Sijawahi kumwona mzee akikaa vile, mwili wote kwa mara moja. Alitazama makopo yake muda mrefu. "Nalikufundisha mubaya," akasema. Kisha akavuta sindano na kumwambia mdogo wangu alete kidole.

Alipaka damu, akaitia rangi, akaikausha dirishani. Kisha akainama kwenye hadubini na maharagwe yakaanza. La kwanza, la kwanza, la pili, la kwanza. Nilisikiliza kopo la tano kwa mwili mzima. Lililia. Baadaye sana likalia tena. Maharagwe mia yalipoisha humo mlikuwa na manne.

"Ine," akasema. "Bado inasikia. Ungengoja mwezi ingine, sijui."

Alimkatia mdogo wangu kipande cha muhogo kutoka chakula chake mwenyewe, akamjazia kikombe maji mpaka juu, akamhesabia nusu mbili kiganjani, akasimama mbele yake mpaka koo lilipopanda na kushuka. Mbili mbili, akasema, mpaka mkebe uishe, ndipo aendelee na boksi lake. Mdogo wangu alikuwa analia, kimya, akiendelea kutafuna.

Laboranti alirudisha maharagwe katika bakuli. Moja lilinasa kwenye kutu, akalibandua kwa ukucha.

"Na yako, Papa?" nikauliza.

Alichukua kitambaa akaifunika hadubini.

"Leo jua limekwisha, Mwalimu. Murudi kesho."

Jua lilikuwa limejaa mezani. Lilikuwa juu ya makopo yote matano, juu ya mkebe, juu ya mikono yetu. Haikuwa imefika saa tatu na nusu. Miezi minane ya nusu vidonge, na Idi, na ile Jumamosi ya fomu, vyote nilivipita kwa kuinamisha macho, na nilijisikia ninataka kuyainamisha tena.

"Jua liko, Papa," nikasema.

Alivuta ncha ya kitambaa ikaifunika hadubini mpaka chini.

"Lete ile fomu. Nitaandika miye. Nitaandika hapana, na nitaandika nusu ilikwenda kwetu."

"Watafuta jina yake."

Nilimtazama mdogo wangu. Yeye ndiye mwenye jina. Alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Andika, yaya," akasema. "Wakiuliza, niko hapa."

Mzee alitutazama mmoja mmoja. Aliondoa kitambaa, akakikunja mara nne. Akajichoma kidole cha kushoto mwenyewe, akapaka, akatia rangi, akangojea ikauke. Kisha akanisogezea fomu na kalamu.

"Basi uhesabu kwa sauti," akasema, "miye leo nitakosea."

Aliinama. Alichukua muda kuutafuta mwanga kwa kile kioo cha chini. Mkono wake wa kushoto ulichukua haragwe, ukalitupa, likaangukia kwenye kutu.

"Moja," nikasema.